Fidia ya ajali: je, nisaini karatasi ya bima kabla mguu haujapona?

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh. Mimi ni dereva wa bodaboda, mkazi wa Majengo, Moshi. Miezi minne iliyopita nilikuwa upande wangu wa barabara ya Arusha, karibu na Boma Ng'ombe, hiace iliyokuwa ikilipita gari jingine ikanigonga. Nilivunjika mfupa chini ya goti, nikawekwa vyuma, na hadi leo natembea kwa magongo. Matibabu yamekula shilingi 3,200,000, na nyingi kati ya hizo alizitoa kaka yangu. Dereva alikiri kosa mahakamani akatozwa faini, na mwenye gari alikuja nyumbani na wazee wawili akatoa pole ya shilingi 500,000. Sasa kampuni ya bima ya gari lile inanipa shilingi 4,500,000, ila nisaini kwanza karatasi kwamba sitadai tena kitu chochote. Daktari anasema huenda mwakani nikafanyiwa upasuaji mwingine wa kutoa vyuma, na hawezi kusema sasa kama mguu utarudi sawa. Baba mdogo ananiambia nichukue nishukuru, kwa kuwa kung'ang'ania ni kutoridhika na kadari. Wenzangu wa kijiweni wananiambia niongeze hesabu kwa sababu bima wana pesa. Mmoja wa msikitini amesema pesa ya bima ni haramu kabisa, na kaka naye anataka tugawane nusu kwa nusu. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Maswahaba zake. Ndugu yangu, pole kwa maumivu na kwa kukaa muda mrefu bila kazi. Tunamuomba Allah akuponye uponyaji usioacha ugonjwa nyuma yake. Katika yote uliyoyauliza, lililo zito kuliko mengine ni ile karatasi, nami nitakaa nayo zaidi, lakini yapo mambo mawili ambayo lazima yaondolewe njiani kwanza.

Baba yako mdogo amekusudia kheri, na ni kweli kwamba lililokupata limekupata kwa kadari ya Allah. Hata hivyo, Yeye aliyekadiria ajali ndiye aliyeweka dhamana, yaani wajibu wa kulipa, juu ya anayedhuru. Katika Suratun Nisaa, aya ya 92, Allah anazungumzia mtu aliyeua kwa kukosea, asiyekusudia hata kidogo, na bado anamwajibisha kupeleka diya, yaani fidia ya damu, kwa watu wa marehemu, isipokuwa wao wenyewe wakiifanya sadaka. Basi ikiwa kukosea hakuondoi dhamana ya roho, hakuwezi kuondoa dhamana ya mguu. Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, ambayo ni baraza la wanachuoni, katika kikao chake cha nane kilichofanyika Brunei mwaka 1993, ilijadili ajali za barabarani na kuamua kwamba dereva anadhamini madhara anayoyasababisha kwa miili na mali za watu, ila ikiwa ajali imetokana na nguvu asiyoweza kuizuia wala kujikinga nayo, au na kitendo cha aliyedhurika mwenyewe ambacho ndicho kilicholeta madhara, au na kosa la mtu mwingine. Wewe ulikuwa upande wako, na dereva amekiri. Hakuna udhuru hapo. Lau ungekuwa, kwa mfano, unaendesha usiku bila taa, hesabu ingekuwa tofauti na kila mmoja angebeba sehemu yake ya kosa. Ama faini aliyotozwa, hiyo imekwenda serikalini kwa kuvunja sheria ya usalama barabarani na haipunguzi haki yako hata shilingi moja, ingawa nimewaona watu wengi wakiondoka mahakamani wakidhani shauri limekwisha.

Ndugu yetu wa msikitini naye hakusema kutoka hewani. Majmaa hiyohiyo, ilipokutana Jeddah mwaka 1985, iliamua kwamba mkataba wa bima ya kibiashara wenye ada maalumu umeharibika kwa sababu ya ghararu kubwa, yaani utata wa kutojua matokeo, iliyomo ndani yake, na ikaelekeza kwenye bima ya kusaidiana. Lakini hukumu hiyo inahusu mkataba, na wewe hukufunga mkataba na kampuni ile. Haki yako imetokana na kuumizwa kwako, na mdaiwa wako wa asili ni dereva pamoja na yule aliyemtuma kazi. Mwenye gari amelazimishwa na Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, kuwa na bima kwa ajili ya watu wengine watakaoumizwa na gari lake, na kampuni inalipa kwa niaba yake. Mwenye deni akilipiwa deni lake na mtu wa tatu, anayedai hana lawama kwa kupokea kiasi cha haki yake. Kwa hiyo pesa hiyo ni halali kwako kwa kadiri ya ulichopoteza. Ikitokea shauri likafika mahakamani na hukumu ikaja na riba juu ya fidia, ambayo kwa kawaida huwa asilimia 7 kwa mwaka, basi itenge hiyo riba uwape wahitaji bila kuihesabu kuwa sadaka yako.

Sasa tuingie kwenye kiasi. Najua wapo vijana wanaopiga hesabu ya ngamia 100, ambao ndio diya kamili ya roho, kwa bei ya mnada, kisha wanadai mguu ni nusu ya diya, yaani ngamia 50. Ni kweli kwamba katika barua ambayo Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwandikia Amr bin Hazm, mguu mmoja umewekewa nusu ya diya, kidole ngamia 10, jino ngamia 5, na jeraha la kichwani linaloufichua mfupa ngamia 5. Lakini nusu ile ni ya mguu uliokatwa au uliopoteza kazi yake kabisa. Mfupa uliovunjika ukaungwa hauna kiasi kilichowekwa katika madhehebu yetu ya Shafi. Unaingia katika kile mafakihi wanachokiita hukuma, yaani makadirio ya watu waadilifu wenye ujuzi, wakitazama jeraha limeacha upungufu gani, kwa sharti kwamba makadirio hayo yasifikie kiwango cha kiungo chenyewe. Wanafunzi wawili wa Imam Abu Hanifa walitazama hata jeraha lililopona bila kuacha alama: Abu Yusuf akasema aliyejeruhi analipa kwa ajili ya maumivu, na Muhammad bin Hasan akasema analipa ujira wa tabibu. Naona kauli zao zinafaa sana kwa hali zetu za leo, ambapo mtu anaweza kupona mguu akabaki na deni la hospitali.

Sheria ya nchi yetu inapita njia iliyo karibu na hiyo. Ipo fidia mahususi, ambayo ni gharama zinazohesabika na ambazo lazima uzitaje na kuzithibitisha moja baada ya nyingine, na ipo fidia ya jumla, kwa maumivu na kwa ulemavu uliobaki, ambayo hakimu huikadiria kwa busara yake. Risiti za dawa, za kitanda, hata za gari la kukupeleka kliniki, zitunze zote pamoja na fomu ya polisi, ile PF3, na taarifa za daktari. Hapa Moshi hatuna mahakama ya kisharia inayohukumu majeraha, basi Muislamu anadai haki yake kwa sulhu, yaani mapatano, au kupitia mahakama za nchi, na hakuna ubaya katika hilo maadamu hachukui zaidi ya haki.

Nirudi kwenye karatasi. Allah amesema katika Suratun Nisaa, aya ya 128, kwamba sulhu ni bora, na Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema katika hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi kwamba sulhu inajuzu baina ya Waislamu, ila sulhu inayoharamisha halali au kuhalalisha haramu. Kukubali kiasi kilicho chini ya haki yako ili mambo yaishe ni jambo linaloruhusiwa, na huenda likawa na ujira mkubwa. Tatizo la karatasi yako haliko katika uchache wa pesa. Wewe mwenyewe hujui unachokiachia. Upasuaji wa pili haujafanyika, gharama yake haijulikani, na daktari hajasema kama utachechemea. Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu, ametaja kwamba katika kauli mpya ya Imam Shafi, kumfutia mtu deni lisilojulikana hakusihi, isipokuwa ngamia wa diya, kwa sababu hao idadi yao na umri wao vinajulikana hata kama sifa zao hazijulikani. Hanafi na Maliki wameliruhusu jambo hilo, kwa hiyo sisemi kwamba kila aliyesaini karatasi kama hiyo sulhu yake ni batili. Lakini kabla hujasaini, uko huru, na kwa nini ujiingize katika jambo lenye hitilafu ilhali unaweza kusubiri?

Na kusubiri kuna msingi wake. Imam Ahmad na Daraqutni wamepokea kwamba mtu mmoja alichomwa pembe gotini na mwenzake, akamjia Mtume, rehema na amani zimshukie, akitaka kisasi. Mtume akamwambia asubiri mpaka apone. Akarudi tena akisisitiza, akapewa kisasi chake, na baadaye akaja akilalamika kwamba amekuwa kiwete. Akaambiwa kwamba alikatazwa akaasi, na kwamba ukiwete wake hauna madai tena. Kisha Mtume akakataza kisasi cha jeraha mpaka mwenyewe apone. Wanachuoni wa hadithi wameijadili isnadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, lakini mafakihi wengi wamelifuata hilo, na kwa hukuma nayo Imam Nawawi amesema makadirio hufanywa baada ya jeraha kufunga. Sioni hadithi iliyo karibu zaidi na hali yako kuliko hiyo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Iambie kampuni kwa maandishi kwamba hukatai sulhu, bali unaomba kiasi cha mwisho kingoje taarifa ya daktari kuhusu ulemavu uliobaki. Ukiwa umebanwa na maisha, omba walipe gharama zilizokwisha kuthibitika, na karatasi itaje waziwazi kwamba umepokea malipo ya gharama hadi tarehe fulani, huku upasuaji wa pili na ulemavu ukibaki mahali pake. Usisaini kitu ambacho hujasomewa neno kwa neno kwa Kiswahili, na ikiwezekana kiwe mbele ya wakili. Wakikataa kukusikiliza, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina ofisi ya kanda Arusha, na ipo pia Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Lakini subira hii ina mpaka, kwa kuwa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka 3 kwa madai ya namna hii, na mwaka wako wa kwanza umeshaanza kuisha.

Wenzako wa kijiweni wanaokuambia uongeze hesabu, usiwasikilize. Amepokea Ummu Salama, Allah amridhie, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema kuwa yeye ni binadamu, huenda mmoja wa wanaoshtakiana akawa na ufasaha zaidi wa hoja akamhukumia kwa anavyosikia, na kwamba atakayekatiwa kitu katika haki ya nduguye asikichukue, kwani amekatiwa kipande cha moto. Kampuni kuwa na pesa nyingi hakuifanyi mali yake kuwa halali kwako. Hata kipato ulichopoteza kihesabu kwa uaminifu: ikiwa kwa siku ulikuwa unakusanya shilingi 25,000, ukatoa hesabu ya bosi 10,000 na mafuta 6,000, basi ulichopoteza ni 9,000. Wala siku za mvua kubwa ambazo hukuwa ukitoka barabarani usizihesabu kama siku za kazi.

Zile shilingi 500,000 za mwenye gari zinategemea alisema nini alipozitoa. Kama wazee walisema ni pole, hiyo ni hiba, yaani zawadi, na haiingii kwenye hesabu. Kama alisema ni mchango wa matibabu, basi zipunguze katika gharama unazoidai bima, kwa sababu hasara moja hailipwi mara mbili. Ukiwa na shaka, waulize wazee wale wale. Ukipenda baadaye kumsamehe dereva kilichobaki, Allah amesema katika Suratul Baqara, aya ya 178, kwamba anayesamehewa kitu na ndugu yake, kufuatilia kuwe kwa wema na kulipa kuwe kwa ihsani. Msamaha huo ni wako peke yako. Baba mdogo hawezi kuutoa kwa niaba yako wala kukulazimisha kuutoa.

Ama kaka yako, fidia ya jeraha ni mali ya aliyejeruhiwa. Mgawanyo unakuja pale tu mtu anapofariki, na hapo diya inarithiwa na warithi wote, mke akiwemo. Umar, Allah amridhie, alikuwa akiona mke harithi katika diya ya mumewe mpaka Dahhak bin Sufyan alipompa habari kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwandikia yeye Dahhak amrithishe mke wa Ashyam katika diya ya mumewe. Wewe uko hai, alhamdulillah. Kaka akiwa alitoa kwa nia ya kurudishiwa, mrudishie kiasi kilekile alichotoa, na umlipe mapema, kabla hujanunua kitu kingine. Kudai nusu ya fidia kwa sababu ya mkopo ni kuufanya mkopo uzae faida, na hiyo ni riba hata ikiwa baina ya ndugu wa tumbo moja. Akiwa alitoa kama msaada, hana anachodai. Lakini ukimpa zaidi kwa hiari yako, bila sharti lililotangulia, hilo ni jema, na Mtume mwenyewe alikuwa akilipa deni kwa kitu kilicho bora kuliko alichokopa.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.