Ufunguo wa pili kwanza, mengine baadaye: jibu kwa mwenye Toyota ya kubonyeza

Usimpe huyo kijana ufunguo wako. Hata kuushika asiushike mpaka umalize kusoma hapa.

Nimeona wenzangu wamekujibu kwa upole, wengine wanakupa hongera ya gari. Mimi hongera nitakupa siku nyingine. Umeandika mwenyewe: Toyota ya kubonyeza, yaani inayowashwa kwa kitufe, imetoka Japani kupitia Dar, imeingia Kongo mpakani Kasumbalesa na ufunguo mmoja tu. Ukiegesha karibu na mnara wa redio mlango unakataa. Unauliza ununue batri gani, unauliza kama uuviringishe ufunguo kwenye karatasi ya alumini kwa ajili ya wezi. Halafu mwishoni kabisa, kwa kupitia tu, unasema ufunguo wa pili utafanya "mwaka ujao", na kuna kijana pale mjini atakupa wa mtumba kwa dola 30 na kuuingiza mwenyewe. Nilikuwa nakunywa chai. Imenipalia.

Mimi nami niliambiwa maneno hayohayo. Komisioneri, yaani dalali, aliyeniuzia gari, mtu wa viatu vya ncha na simu tatu, alinikabidhi ufunguo mmoja na maneno gunia zima. "Mukubwa, mmoja unatosha. Ukipotea, kopi inapigwa hapa mjini, nusu saa." Nusu saa! Siku nikimkuta kwenye foleni ya peaji, pale pa kulipia barabara, nitampa hiyo nusu saa yake, na hataitaka.

Kwanza elewa haya magari yanavyofanya. Gari linauita ufunguo kwa mawimbi ya masafa ya chini, kilohezi 125 au 134, yanayofika mita moja hivi. Ufunguo ukisikia, unajibu kwa masafa ya juu, na gari likiridhika na jibu linakuruhusu. Linauliza unapogusa mlango na unapobonyeza kuwasha. Injini ikishawaka, hata ufunguo ukitoka ndani, gari halikuzimii njiani. Wamefanya hivyo kwa usalama, na wako sahihi: nani anataka injini ife katikati ya malori mawili ya shaba? Lakini ndiyo maana unaweza kutoka Lubumbashi hadi Likasi, kilomita 120 hivi, bila ufunguo, ukiimba.

Mimi niliimba.

Tulikuwa na shemeji yangu. Tukasimama njiani, nikazima, tukanunua gunia la makala, mkaa wa kupikia. Kulipakia ilikuwa vita, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, kwa hiyo nikaweka simu na ufunguo juu ya paa la gari nisichafue mifuko. Tulipomaliza nikajipangusa, nikachukua simu. Simu tu. Nikaketi, nikakanyaga breki, nikabonyeza, injini ikawaka vizuri kabisa, kwa sababu ufunguo ulikuwa juu ya kichwa changu na antena za ndani zilikuwa bado zinausikia. Bati la paa haliwi ukuta kama unavyodhani. Mawimbi yanapenya kwenye vioo. Tukaondoka. Ulidondokea wapi, Mungu anajua, na pengine mbuzi wa barabara ile.

Mbele kidogo shemeji akashuka kununua uyoga. Aliporudi na kufunga mlango, gari likalia pii pii pii, na kwenye tablo, pale penye saa za gari mbele ya dereva, ikawaka taa ya njano yenye umbo la ufunguo. Shemeji, ambaye ana jibu kwa kila kitu, akasema: "Mkanda." Nikamwambia afunge mkanda basi. Akafunga, mlio ukakoma wenyewe, tukapongezana.

Ule mlio ndio uliokuwa msaada wangu wa mwisho. Gari lilikuwa linaniambia: mlango umefungwa, ufunguo siuoni ndani. Ningeujua, ningegeuza bila kuzima injini, nikarudi polepole mpaka pale pa makala nikiangalia kando ya barabara. Pengine ningeupata, pengine ningekuta lori limeupitia, lakini walau ningerudi nyumbani kwa magurudumu yangu mwenyewe. Badala yake nikafika Likasi, nikaegesha mbele ya lango la wakwe, nikazima. Nilipobonyeza tena ili nisogeze gari kivulini, kimya. Taa ya njano tu, inanikodolea.

Basi wakwe wakaniitia fundi wa umeme. Mtu mzuri, amefufua Corolla za zamani nusu ya mji. Akasema ataliwasha "direkti", kwa nyaya tu bila ufunguo. Akaingia chini ya usukani na koleo, akakata, akaunganisha, akachuna. Kwenye gari la ufunguo wa kuzungusha wa zamani hiyo ingekubali. Kwenye hili, unaweza kuzungusha starta mpaka batri ife, injini haitashika, kwa sababu komputa ya injini inangoja neno kutoka kwenye kisanduku kinachotambua ufunguo, na neno halijaja. Isitoshe usukani umefungwa na mota yake ya umeme, na gia imekwama kwenye P, ile ya kuegesha. Lilipokuja lori la depanaji, la kubeba magari mabovu, magurudumu ya mbele yalikuwa yamepinda upande na hayageuki. Tulilipandisha kwa kuliburuta, matairi yakipiga kelele, watoto wote wa mtaa wakishangilia, na mama mkwe amesimama langoni amefunga mikono. Tangu siku hiyo akinikaribisha huuliza kwanza nimekuja na nini.

Huku Lubumbashi ndipo nikajifunza tofauti ambayo komisioneri hakunitajia. Ukiwa na ufunguo mmoja ulio hai, kuongeza wa pili ni kazi ndogo: fundi anachomeka mashine chini ya usukani, gari linautambua ule wa zamani, kisha linamkubali mgeni. Ukiwa huna hata mmoja, gari halina wa kumdhamini mgeni. Inabidi mtu anayejua kweli alidanganye gari kwa kifaa maalumu, au afungue tablo, atoe kile kisanduku, asome kumbukumbu yake mezani na kuanza kuandikisha funguo upya. Aliyenifanyia alitoka upande wa Zambia, na kabla ya kugusa funguo ilibidi kwanza aunganishe nyaya zote ambazo yule wa koleo alizichuna. Nikijumlisha lori, nyaya, safari ya mtu na kazi yenyewe, nilipita dola 900. Kwa ufunguo. Gari ni lilelile, halijaongezewa hata kikombe cha mafuta.

Sasa huyo kijana wako wa dola 30. Ufunguo wa aina hii wa Toyota ukishaandikishwa kwenye gari moja, unajifunga kwa gari hilo. Ukiutoa kwenye gari jingine ukauleta kwako, gari lako halitaupokea mpaka kwanza ufunguliwe upya kwa mashine, na si kila mwenye mashine anaweza. Pili, sura si kitu. Funguo za soko la Japani hujibu kwenye megahezi 315 hivi, za Ulaya kwenye 433. Ganda ni moja, nembo ni moja, vitufe ni vilevile, na hazisikilizani kabisa. Kinachosema kweli ni namba iliyochapwa kwenye kibao cha umeme ndani ya ganda. Namba ya wako na ya ule mpya zilingane, hapo tuzungumze.

Tatu, na hii naandika nikiwa nimekunja uso: kuna mchezo. Mtu "anauingiza" ufunguo, anakupa, unabonyeza, gari linawaka, unalipa, anapotea. Limewaka kwa sababu ule wa kwanza ulikuwa mfukoni mwako muda wote! Kwa hiyo siku ya kazi hiyo, mkeo au mtoto auchukue ufunguo wa zamani, aende nao mbali, ng'ambo ya barabara kabisa. Ndipo ujaribu mpya: fungua mlango, washa, zima, washa tena. Na kazi ifanyike mbele ya macho yako, ndani ya gari lako. Anayetaka kuondoka na ufunguo wako pekee "akaufanyie dukani" mwambie dukani kwake ni hapa hapa, umletee kiti.

Tena, mwombe aliyekuagizia gari aulize kule Japani. Magari haya huuzwa mapya na funguo mbili na kibati kidogo chenye namba ya ule ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya ganda. Wa pili huenda umelala kwenye droo ya mtu au kwenye bahasha ya makaratasi. Kama aliyekuagizia naye ana viatu vya ncha, kagua bahasha mwenyewe.

Haya, maswali yako mengine. Batri: fungua ganda utazame imeandikwa nini, nyingi ni CR1632 au CR2032, na usiuweke ufunguo karibu na gari usiku kucha, unachoka bure. Batri ikifa, usiite fundi wa koleo, nakuomba. Ndani ya ufunguo kuna kile cha chuma, fungulia mlango (honi ikipiga kelele usikimbie, si mwizi). Kisha kanyaga breki, gusisha upande wenye nembo kwenye kitufe cha kuwashia, ukisikia mlio bonyeza. Aina nyingi za Toyota zinakubali hivyo. Mnara wa redio: ni kawaida, hata kitabu cha gari kinautaja pamoja na kituo cha mafuta na uwanja wa ndege. Tumia chuma, au sogeza gari.

Ya alumini sikumbuki uliuliza kwa nini. Ah, wezi. Ndiyo, kuna wezi wa Ulaya wanaorefusha mawimbi kwa vifaa viwili, na kuuweka ufunguo kwenye kopo la bati kunasaidia. Lakini wewe una ufunguo mmoja duniani, mwizi wako wa kwanza ni paa la gari lako.

Plaki, bamba la namba za gari, hujaweka bado, sivyo? Basi ngoja na plaki. Weka hapa picha ya kibao cha ndani ya ufunguo, namba ionekane. Picha za gari zinatosha, tumeliona pande zote nne.