Taa zinawaka, soketi za jikoni hazina umeme

SWALI: Assalaam alaykum. Nyumba yetu ipo Wete, Pemba, na tumeungiwa umeme wa laini moja. Tangu juzi taa zote zinawaka na soketi za sebuleni zinafanya kazi, lakini za jikoni na za chumba cha nyuma hazitii kifaa chochote umeme. Mita ya Tukuza, ile ya kulipia kabla, ina yuniti, na swichi zote za kwenye boksi zimesimama juu. Kijana wa mtaani alijaribu kwa tesa, ile bisibisi yenye taa ya kupimia umeme, ikawaka kwenye matundu yote mawili ya soketi, akasema umeme umeingia mara mbili. Je, ni kweli? Na friji nilichomeke wapi kwa sasa?
Mama wa nyumbani, Wete

JIBU: Waalaykum salaam, dada yetu. Kijana ameiona tesa sawasawa ila ameifasiri kombo. Kasoro ingetoka nje, taa zako nazo zingeyumba au kuzimika, kwa kuwa nyumba ya laini moja hulishwa na waya mbili tu, laini inayoleta umeme na nyutro inayourudisha, ambazo hupita kwenye mita kabla ya kugawiwa taa na soketi. Kwa dalili ulizozieleza, yaelekea waya wa nyutro umeachia ndani ya nyumba, baina ya sebule na jiko.

Tesa huwaka inapogusa penye umeme, lakini haiwezi kueleza kama umeme huo una njia ya kurudi. Friji likiwa limechomekwa kwenye soketi iliyopoteza nyutro, umeme huingia kwa laini, hupita ndani ya mota na kukwama upande wa pili, ndipo tundu la nyutro nalo likaiwasha tesa. Vifaa vyote vikichomolewa, kwa kawaida tundu hilo huacha kuiwasha. Kwa hiyo soketi hizo zisiguswe kwa kudhaniwa kuwa zimekufa, maana laini bado imo.

Mwite fundi mwenye mita ya kupimia volti. Akipata takriban volti 230 baina ya laini na waya wa ardhi, na asizipate baina ya laini na nyutro, shauri limekwisha. Katika nyumba nyingi waya hutoka soketi moja kwenda nyingine kwa mfuatano, hivyo aanze na soketi ya mwisho iliyo hai na ya kwanza iliyokufa, baada ya kuzima swichi kubwa. Huko hukutwa skrubu iliyolegea, ncha iliyoungua, au shaba iliyoota ukijani, jambo ambalo hewa ya chumvi ya pwani huliharakisha. Birika la wati 2,000 huvuta karibu ampea 9, na kiungo kilicholegea hupata moto kila linapowashwa. Ncha nyeusi ikatwe hadi shaba safi na soketi ibadilishwe. Kukaza skrubu juu ya waya ulioungua ni kuahirisha tatizo tu.

Swichi za boksi kuonekana ziko juu si ushahidi kamili, kwani nyingine hukatika na kubakia katikati. Iteremshe ya soketi hadi chini kabisa, kisha uipandishe mara moja. Ikianguka tena, iache hadi fundi afike.

Wasomaji wenye umeme wa laini tatu wana hatari kubwa zaidi. Nyutro kuu ikiachia, baadhi ya taa hung'ara kupita kiasi na nyingine hufifia, na kwa vile baina ya laini na laini kuna volti 400, vifaa huweza kuungua kwa muda mfupi. Hapo zimeni swichi kubwa bila kusubiri, ndipo mlipigie simu Shirika la Umeme.

Ama friji, usilivutie waya wa kuongezea kutoka soketi ya sebuleni iliyo jirani na jiko, kwa sababu huenda kiungo kibovu kimo humo humo. Tumia soketi iliyo karibu zaidi na boksi la swichi, friji peke yake, bila birika wala pasi.