Maswali ya Wasomaji: Cherehani ya Kushonea Mifarishi Nyumbani

Swali

Ndugu Mhariri, mimi ni mama wa nyumbani, ninaishi Tabata. Nimekuwa nikikusanya mabaki ya vitenge kutoka kwa mafundi wa mtaani kwetu, na kwa cherehani ya miguu aina ya Butterfly niliyoachiwa na mama yangu nimeunganisha viraka vya kutosha kufunika kitanda cha futi 5 kwa 6. Taabu ilianza nilipotandika pamba katikati na kitambaa cha chini ili nipate mfarishi kamili. Mzigo hauenei chini ya mkono wa cherehani, na kitambaa cha juu hukimbia kikajikunja mbele ya sindano. Muuzaji mmoja wa Kariakoo amenishauri nichukue cherehani ya kompyuta yenye mishono zaidi ya 200, na mwingine ameniambia ninunue ya kiwandani. Nimsikilize yupi?

Jibu

Dada yetu wa Tabata, kwa hali uliyoieleza usimsikilize hata mmoja kabla hujatenganisha kazi mbili ambazo wauzaji wengi huzichanganya. Kazi ya kwanza ni kuunganisha viraka, ambayo inahitaji mshono ulionyooka na upana wa mshono usiobadilika, kwa kawaida robo inchi. Kazi hiyo Butterfly yako imekwisha kuifanya na itaendelea kuifanya kwa miaka mingi, hivyo usiiuze. Kazi ya pili ni kuyashona pamoja matabaka matatu, yaani viraka, pamba na kitambaa cha chini, na hapo ndipo ulipokwama.

Katika kazi hiyo ya pili, mishono 200 haikusaidii kitu. Mfarishi hushonwa kwa mshono mmoja ulionyooka karibu wote, na anayependa kubandika maua ya kitenge juu yake huongeza zigizaga basi. Kinachopaswa kulipiwa ni nafasi iliyopo kati ya sindano na mwili wa cherehani. Cherehani nyingi za nyumbani, za zamani na za sasa, zina nafasi ya sentimita 16 hadi 18. Kitanda chako kina upana wa kiasi cha sentimita 150, na ukiacha mfarishi uning'inie sentimita 30 kila upande, unafikia sentimita 210. Maana yake ni kwamba unaposhona katikati, zaidi ya mita moja ya matabaka matatu lazima iviringishwe na kupita katika nafasi hiyo ndogo, tena iweze kusogea bila kukwama. Kwa hiyo nenda dukani na futi kamba, upime kuanzia sindano kwenda kulia, na chochote kisichofika sentimita 20 ukipishe, hata kama kioo chake kinawaka rangi za kupendeza.

Zipo cherehani zilizotengenezwa mahsusi kwa kazi hii na bado zinakaa juu ya meza ya kawaida. Juki TL-2010Q na Brother PQ1500SL ni mifano miwili inayofahamika: zote mbili hushona mshono ulionyooka tu, zinafika mishono 1,500 kwa dakika, na nafasi ya kulia kwa sindano inakaribia sentimita 22. Wapo watakaoshangaa kwamba cherehani ya fedha nyingi haina hata zigizaga. Mimi naona huo ndio ubora wake, kwa kuwa tundu la bamba lililo chini ya sindano ni dogo, kitambaa hakizami ndani yake, na mshono unatoka umenyooka. Angalia pia kama cherehani inaweza kusimamisha sindano ikiwa imezama kwenye kitambaa, kwa sababu mfarishi mzito huteleza mara unapoondoa mkono ili ujipange upya.

Kuhusu kitambaa cha juu kukimbia, sababu yake ni kwamba meno ya cherehani huvuta tabaka la chini pekee, ilhali mguu unaokandamiza hulizuia la juu, na pamba ya katikati huzidisha tofauti hiyo. Dawa yake ni mguu wenye meno yake wenyewe, unaonyanyuka na kukanyaga sambamba na meno ya chini ili matabaka yote yaende pamoja. Cherehani hizo mbili nilizozitaja zina mguu wa namna hiyo, na upo unaoingia kwenye cherehani za muundo wa Butterfly, mradi umwoneshe muuzaji mguu wako wa sasa ili alinganishe urefu wa kifungio. Ningekushauri uanze na huo kabla ya kununua cherehani yoyote. Punguza pia mkandamizo wa mguu, na kabla ya kushona upige bandi matabaka yote kwa nafasi ya kiganja kimoja, au ubane kwa pini za kufunga, ukianzia katikati kuelekea pembeni. Ukitaka kuchora maua na mawimbi kwa uzi, meno ya chini hushushwa au hufunikwa, na mikono yako ndiyo inayosukuma kitambaa, kwa hiyo urefu wa kila mshono hutegemea ulinganifu wa mikono na mwendo wa mota.

Cherehani ya kiwandani ina sifa moja kubwa kwako, nayo ni nafasi inayozidi sentimita 25. Hata hivyo imefungwa kwenye meza yake, sindano zake si hizi za nyumbani, na meno yake kwa kawaida hayashuki, hivyo utaishia kwenye mistari iliyonyooka. Ukiiamua kwa sababu imepatikana kwa bei nzuri, hakikisha ina mota ya servo, yaani ile inayozunguka pale tu unapokanyaga, kwa maana mota ya zamani ya klachi huzunguka na kunguruma muda wote ikiwa imewashwa, hata usiposhona, na uniti za LUKU zinakwenda.

Siku ya kununua, beba sampuli yako: vipande viwili vya kitenge vilivyokwisha kuunganishwa kwa viraka, na pamba ile ile unayoitumia katikati. Usikubali kujaribishiwa kwa kitambaa chepesi cha muuzaji. Pitisha mshono mahali viraka vinne vinapokutana, kwa kuwa hapo ndipo unene unapozidi, kisha geuza utazame chini. Uzi wa chini ukionekana umejikusanya vifundo hata baada ya kurekebishwa, au cherehani ikiruka mishono wakati sindano ni mpya namba 90, iache hapo hapo. Katika hesabu yako acha fedha ya meza pana iliyo sawa na usawa wa cherehani, kwa sababu mfarishi unaoning'inia ukingoni huvuta sindano na kuikunja, na hakuna cherehani inayovumilia hilo.

Swali

Mimi ni mzee mstaafu wa Kigamboni. Binti yangu anataka cherehani ya mtumba iliyotoka Japani kwa ajili ya mifarishi, na anasema ni imara kuliko mpya za bei hiyo hiyo. Je, kuna hatari gani?

Jibu

Shikamoo mzee wetu. Binti hajakosea kuhusu uimara, lakini umeme wa Japani ni volti 100 na wetu ni volti 230. Mota ya volti 100 ikichomekwa moja kwa moja ukutani kwetu huungua, na ikiwa ni ya kompyuta, bodi yake hutangulia. Soma kibandiko kilicho karibu na mahali pa kuchomekea waya, usiridhike na maneno ya muuzaji wala na umbo la plagi, kwani plagi hubadilishwa kwa dakika chache. Ikihitajika transfoma ya kushusha umeme, mwombe fundi inayotoa volti 100, maana nyingi zinazouzwa hutoa 110, ambazo zinafaa zaidi kwa vifaa vya Marekani vya volti 120, na kwa cherehani ya Japani huongeza joto la mota.

Kisha azungushe gurudumu kwa mkono kabla ya kuwasha, aone kama linazunguka laini mzunguko mzima, afungue chumba cha bobini kutazama kutu, na aulize kama bobini zake zinapatikana Dar es Salaam. Kwa kuwa mnaishi karibu na bahari, hewa ya chumvi na unyevu wa masika vitaila chuma iliyoachwa wazi, kwa hiyo afute vumbi la pamba kila amalizapo kazi, aweke tone la mafuta ya cherehani pale kitabu chake kinapoelekeza, na aifunike kwa kitambaa badala ya nailoni, ambayo huhifadhi unyevu ndani.

Swali

Ndugu Mhariri, mimi ni kijana fundi wa Mbagala. Nimeona kwenye intaneti zile cherehani za mkono mrefu zinazoteleza juu ya fremu, mfarishi ukiwa umetandazwa. Je, niweke akiba ninunue moja?

Jibu

Mdogo wangu, kwa sasa hapana. Fremu yake hufika mita 3 na zaidi, na ili uizunguke unahitaji chumba kizima kisicho na kitu kingine. Wateja wako wa mifarishi minene, nadhani, watatoka zaidi Njombe na Mbeya kwenye baridi kuliko hapa, na kwao unaweza kufanya kazi nzuri kwa cherehani ya meza ukigawa mfarishi katika sehemu tatu. Kila sehemu uishone peke yake pamoja na pamba yake, ukiacha sentimita 3 za ukingo bila kushona, kisha uunganishe vitambaa vya juu kwa cherehani, ukate pamba zikutane bila kupandana, na ukunje kitambaa cha chini ukifunge kwa sindano ya mkono. Pamba iwe ile iliyoshikamana kama shuka. Sufi ya mito usiitumie, kwa sababu ukishafua mara moja itakuwa imekimbilia pembe zote.