Jibu: Dawa ya kope kabla ya harusi

Shoga, umeuliza kama bimatoprosti itakurefushia kope kabla ya harusi ya dadako hapo Majengo mwezi ujao. Haitawahi. Matokeo kamili huchukua wiki 16 hivi, na ukiacha, kope hurudi zilivyokuwa. Asili yake ni dawa ya presha ya macho. Marekani waliiruhusu kwa kope mwaka 2008.

Mimi niliandikiwa na daktari. Kila usiku tone moja juu ya brashi, napaka kwenye shina la kope za juu tu, brashi mpya kila jicho, kinachochuruzika nafuta. Wiki ya tano ngozi ikaanza kuwa nyeusi kama nimelala na wanja. Hilo mara nyingi huisha ukiacha, lakini jicho lenyewe likigeuka kahawia, halirudi. Tafadhali usinunue ya mkononi, muone daktari wa macho kwanza. Harusini, wanja watosha, wallahi.