Nyanya inanyauka: bakteria au kuvu?
Umeuliza watafiti wanajuaje kama nyanya inayonyauka ina bakteria au kuvu. Kipimo cha kwanza hata maabara hakihitaji. Kata kipande cha shina karibu na mizizi, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi, usitikise. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka taratibu ndani ya dakika chache, huyo ni Ralstonia, bakteria anayeleta mnyauko bakteria. Fusarium, ambayo ni kuvu, haitoi uzi huo. Yenyewe huanza na majani ya njano, mara nyingi upande mmoja, ilhali mmea wenye bakteria hunyauka ungali kijani. Uhakika kamili: kimelea kitengwe kutoka mmea mgonjwa, mche wenye afya uambukizwe nacho, kisha kipatikane tena ndani ya mche huo. Dawa ya kuvu usipulize kwanza, bakteria haiwagusi.