Masalia: yalivumbuliwa, yaligunduliwa au yalipatikana?

SWALI: Natafsiri makala ya parokia kuhusu Mashahidi Arobaini wa Sebaste, askari waliouawa kwa ajili ya imani, ambao masalia yao (mifupa yao inayoheshimiwa) yalifichwa Konstantinopoli, Istanbul ya leo, yakasahauliwa, hata yakaja kuonekana tena. Niliandika "yalivumbuliwa". Katekista wetu akacheka, akasema nimewafanya watu wa kale wazushi. Nimekosea wapi?

JIBU: Hujakosea sana, ila katekista ana hoja. Kuvumbua kulikuwa kuona kilichofichika. Mtu alivumbua chemchemi au mzinga porini. Siku hizi mvumbuzi ni aliyebuni mashine au dawa, kitu ambacho hakikuwapo. Ndiyo maana mifupa "iliyovumbuliwa" inanuka ujanja.

Kugundua je? Daktari hugundua ugonjwa, na sifa ni yake. Lakini katika masimulizi ya Wabizanti, Wakristo wa Dola ya Roma ya Mashariki, sifa haimwendei mchimbaji. Msikilize Sozomen, mwanahistoria wa karne ya 5. Shahidi Thyrsus, aliyekufa zamani, alimtokea Pulcheria, dada yake Kaisari Theodosius wa Pili, mara tatu, akimwambia masalia ya wale 40 yamefichwa chini ya ardhi, yatolewe yawekwe pamoja naye. Wakachimba katika kanisa la Thyrsus mpaka wakalifikia jeneza la shemasi mwanamke aliyeitwa Eusebia. Palikuwa na tundu dogo. Mtu mmoja wa ikulu akachomeka kijiti, akakichomoa, akakinusa: manukato ya manemane! Wachimbaji wakapata moyo. Walipofungua wakakuta vikasha viwili vya fedha.

Pulcheria hakugundua, alitokewa. Kwa hiyo andika "masalia yalipatikana". Kauli hiyo haimtaji mtendaji, nayo inamwachia mtakatifu nafasi ya kujifunua mwenyewe, kama msimulizi alivyotaka. "Yalifukuliwa" liache kwa sentensi ya majembe tu. Kwetu kufukua kaburi kunakuja na polisi na amri ya mahakama.

"Masalia" umelichagua vizuri. Mabaki ni ya ndege iliyoanguka.

Ukifika kwa Yohane Krisostomo, askofu mkuu wa kale wa Konstantinopoli, badili kitenzi. Mwaka 2004 Papa Yohane Paulo II alimkabidhi Bartolomeo, Patriarki wa Konstantinopoli, masalia ya mtakatifu huyo, yaliyokuwa Roma kwa karne nyingi. Hayo yalijulikana yalipo siku zote, kwa hiyo hayakupatikana: yalirejeshwa.