Kulisha Ndege Uani: Likizo Hii Anzeni na Maji

Maelezo mengi ya kutengeneza vyombo vya kulishia ndege yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Theluji imefunika ardhi, ndege hana pa kudonoa, familia imejifungia ndani, basi wanapaka koni za misonobari siagi ya karanga na kuzizungushia mbegu. Kwao inafaa. Hapa Mwanza ukitundika kitu hicho asubuhi, mchana kinachuruzika na sisimizi wameshapanga foleni.

Hata hivyo kazi yenyewe ni nzuri kufanya na watoto, na likizo ya mwezi wa sita ndiyo saa yake. Mvua zimekata, wako nyumbani, na ukiwaacha watashinda kwenye simu.

Anzeni na maji, chakula kitafuata. Kiangazi madimbwi hukauka, na tetere akikuta maji uani kwako hana haja ya kushuka hadi ziwani. Sahani ya udongo inatosha, au hata mfuniko wa ndoo. Kina kisizidi vidole viwili, katikati weka jiwe la kukanyagia (mawe Mwanza hatununui). Maji yamwagwe na sahani isuguliwe kila siku, la sivyo mtakuwa mnafuga mbu.

Hapo kwenye sahani ndipo watoto wanapoona mambo. Shomoro huchota tone, akainua kichwa ili maji yateremke, kisha huinama tena. Tetere huzamisha mdomo na kuvuta mfululizo, kichwa kikiwa chini. Wangu walibishana siku nzima kuhusu jambo hilo, nami sikuwaamulia. Na msishangae mgeni wa kwanza akiwa mjusi kutoka kwenye mawe.

Kwa chakula, mimi nachagua kibuyu kuliko chupa. Chupa ya plastiki hupata joto sana juani, na mbegu zikilowa humo zinaota ukungu upesi. Kibuyu kikavu kitobolewe dirisha ubavuni, chini yake kijiti cha kutulia, na kwenye kitako vitundu vya kutolea maji ya mvua. Kisu na msumari wa moto ni kazi ya mtu mzima. Watoto wapewe msasa, kamba na rangi ya nje tu. Kitundikeni kwa waya wa kufungia nondo, mahali ambapo paka hawezi kurukia.

Wekeni uwele, mtama, ulezi au chenga za mchele, kiasi cha kuisha siku hiyo hiyo. Chipsi zenye chumvi hapana. Karanga zilizoota ukungu msithubutu, maana sumukuvu inayotudhuru sisi huwadhuru na ndege. Dagaa pia hapana. Ukitaka kujua kwa nini, waulize wanaoanika pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba jinsi kunguru anavyowasumbua.

Watakuja shomoro, kwera wa manjano na tetere. Mkibahatika watakuja wale kasuku wadogo wa kijani wenye mdomo mwekundu na uso wa rangi ya chungwa, wanaoitwa kwa jina la Mjerumani Fischer. Duniani kote watu huwafuga vizimbani, kumbe asili yao ni huku kwetu, kusini mwa ziwa. Watoto wawatazame tu, mitego hapana. Chozi yeye hana habari na mtama, anataka maua.

Jambo moja wengi hawalijui: mwezi wa sita ndege wa mbegu hawana njaa sana, kwa sababu nyasi kavu bado zimejaa mbegu. Njaa huja mvua za kwanza zikinyesha, Oktoba hivi. Mbegu zilizobaki ardhini nyingi zinaota, na nyasi mpya hazijazaa. Kwa hiyo msikitupe kibuyu shule zikifunguliwa.

Mkiona ndege amejikunyata, manyoya yamemtutumka na haruki hata ukimkaribia, kiondoeni kibuyu, kioshwe kwa maji ya moto na sabuni, kianikwe juani mpaka kikauke kabisa. Na wenye kuku wa kienyeji, kitundikeni mbali na banda, kwa sababu ndege wa porini wanaweza kuleta ugonjwa wa kideri. Kuku wapewe chanjo kwanza, ndipo mualike wageni.